Masahihisho Kuhusu Nabokov na Vipepeo Wake

Miaka kadhaa iliyopita niliandika makala fupi kuhusu Vladimir Nabokov, na ndani yake nikaweka sentensi moja iliyosema kwamba mwandishi huyu, akichoka na riwaya, alijiburudisha kwa kukusanya vipepeo. Mhariri akaipitisha. Wasomaji wakaipitisha. Mimi mwenyewe niliiona kama pambo tu: mzee wa Kirusi, kaptula, soksi ndefu, wavu mkononi. Ile picha tunaijua wote. Basi haya ninayoandika leo ni masahihisho, yamechelewa, na yamekuwa marefu kuliko kosa lenyewe.

Nabokov hakuwa anajiburudisha. Kwa miaka ipatayo sita alikuwa mtafiti katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1945 alichapisha hoja ya kihistoria kuhusu aina fulani ya vipepeo wadogo wa bluu: walitoka wapi, walipita njia gani, na walikuja kwa awamu ngapi. Hoja ile ilikaa miaka 66 bila mtu kuipima sawasawa. Mwaka 2011 ikapimwa kwa vinasaba. Alikuwa sahihi.

Tuanze pale alipofika Marekani. Ilikuwa Mei 1940, kwa meli kutoka Ufaransa, akiwa na mkewe Véra, ambaye alikuwa Myahudi, na mtoto wao Dmitri wa miaka sita. Majeshi ya Hitler yalikuwa yanaelekea Paris. Kukimbia alikuwa amekwisha kuzoea: Urusi aliondoka 1919 baada ya mapinduzi, Ujerumani akaondoka 1937. Baba yake alipigwa risasi akafa Berlin mwaka 1922. Sisi wa fasihi sehemu hii ya maisha yake tunaisimulia kwa habari ya lugha: jinsi mtu aliyekwisha kujijengea jina kwa Kirusi alivyoanza upya kwa Kiingereza akiwa na umri wa miaka 41. Ni kweli, na ni habari kubwa. Lakini katika miezi ile ile alikuwa anabisha hodi mlango mwingine. Alikwenda makumbusho ya historia ya viumbe ya New York akaomba afanye kazi bila malipo. Kisha akahamia Massachusetts, na huko Harvard, katika Makumbusho ya Zoolojia Linganishi, akaukuta mkusanyiko wa vipepeo haujapangwa vizuri. Akaanza kuupanga. Baadaye wakampa nafasi ya utafiti ya muda na malipo madogo, na hadi 1948 yeye ndiye aliyekuwa, kwa vitendo, msimamizi wa vipepeo pale. Shahada yake ya Cambridge ilikuwa ya lugha, Kirusi na Kifaransa. Ya biolojia hakuwa nayo.

Alichagua kundi gumu. Vipepeo wa bluu ni wadogo, wengi wao hawazidi ukucha wa kidole gumba mbawa zikiwa zimekunjwa. Dume kwa juu ni bluu, kwa chini ni kijivu chenye madoa. Hata hapa kwetu wapo ndugu zao, wale wanaoruka chini chini kwenye nyasi kando ya njia, unawapita kila siku bila kuwatazama mara mbili. Tatizo lao ni kwamba wanafanana mno. Ukipanga masanduku ya makumbusho kwa kufuata rangi na madoa, utaweka pamoja wasio ndugu na kuwatenganisha walio ndugu, maana rangi ya mbawa hubadilika upesi kulingana na mazingira, na viumbe wa koo mbali mbali wanaweza kufikia sura moja kila mmoja kwa njia yake.

Kwa hiyo Nabokov hakutazama mbawa peke yake. Alitazama viungo vya uzazi vya madume. Msomaji usicheke. Kwa kipepeo, viungo hivyo vimejengwa kwa sehemu ngumu zenye kulabu, vibanio na miiba, na umbo lake hutofautiana spishi na spishi hata pale mbawa zinapofanana kabisa. Unakata tumbo la mdudu aliyekauka, unaliloweka kwenye dawa kali mpaka nyama laini iyeyuke, kinachobaki unakiweka chini ya hadubini na kukichora. Mdudu baada ya mdudu. Na hata mbawa, alipozishughulikia, alihesabu safu za magamba yake, yale ambayo ukimshika kipepeo yanakubakia vidoleni kama unga. Alikaa kwenye hadubini saa nyingi kila siku, wakati mwingine hadi usiku, na mwenyewe alisema baadaye kwamba kazi ile iliharibu macho yake moja kwa moja. Hicho ndicho nilichokiita kujiburudisha.

Mwaka 1945, katika jarida la wadudu liitwalo Psyche, akachapisha makala ya kurasa 61 kuhusu vipepeo wa bluu wa Amerika ya Kusini na Kati. Sehemu kubwa ya makala hiyo ni kavu: vipimo, majina mapya ya jenasi kama Pseudolucia na Paralycaeides, michoro. Ila mahali fulani mwanasayansi anamkaribisha mwandishi wa riwaya. Anamwomba msomaji awaze mtaalamu wa kuainisha viumbe amepanda ile mashine ya wakati ya H. G. Wells na kurudi nyuma mamilioni ya miaka. Angeona nini? Nabokov anajibu kwamba angewakuta wahenga wa vipepeo hawa Asia, na kadiri anavyosogea kuja kwetu angewaona wakivuka kuingia Amerika kupitia kaskazini, pale ambapo leo ni Mlangobahari wa Bering, kati ya Siberia na Alaska. Si mara moja. Mara tano. Wimbi la kwanza lilishuka mpaka Amerika ya Kusini, hadi Chile, na mawimbi yaliyofuata yakabaki kaskazini.

Ukilitazama kwenye ramani, ni dai la ajabu. Vipepeo wa Chile wako umbali wa bara zima na nusu kutoka Bering. Kama walipitia kule juu, nyayo zao ziko wapi? Mbona Alaska hakuna ndugu zao wa karibu? Mtu mwenye akili ya kawaida angesema walizaliwa huko huko Amerika ya Kusini, kwamba milima ya Andes ilipoinuka, vipepeo wa mabondeni walipanda nayo. Nabokov alikuwa anasema kwamba mlango uliotumika ulifungwa nyuma yao, na waliobaki mlangoni walikufa wote. Ushahidi wake ulikuwa ni kulabu na vibanio chini ya hadubini.

Wanasayansi hawakumkataa kwa kelele. Hawakumjibu tu. Kazi yake kuhusu vipepeo wa bluu wa Amerika ya Kaskazini iliheshimiwa na wataalamu wenzake, lakini hili la mawimbi matano lilibaki kwenye makabati ya maktaba. Kisha ikaja Lolita, Paris 1955, Marekani 1958, na hapo nadhani ndipo mambo yalipoharibika zaidi. (Riwaya ile yenyewe aliiandika kwa sehemu akiwa katika safari za kutafuta vipepeo magharibi mwa Marekani, Véra akiendesha gari, kwa sababu yeye hakujua kuendesha.) Mtu akishakuwa maarufu kwa jambo moja, jambo lake la pili linageuka kuwa kionjo cha wasifu. Waandishi wa habari wakaja na kamera, wakamtaka ashike wavu. Mimi nilikuja nusu karne baadaye bila kamera, nikafanya yale yale.

Waliomrudisha mezani walikuwa wataalamu wachache wa vipepeo vya Amerika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 20: Zsolt Bálint wa Hungaria, Dubi Benyamini wa Israeli, Kurt Johnson wa Marekani. Walipokuwa wanakusanya vipepeo wa bluu katika Andes, kila walipokwama waligundua kwamba makala ya 1945 ilikuwa imekwisha pita hapo. Jenasi alizozitaja zilisimama. Spishi mpya walizozipata wakazipa majina ya wahusika wake. Leo kuna kipepeo wa Andes ambaye jina lake rasmi la kisayansi ni Madeleinea lolita.

Lakini kusimama kwa jenasi si sawa na kusimama kwa historia. Kujua nani ni ndugu wa nani ni jambo moja, kujua walipita wapi na lini ni jingine. Hapo ndipo vinasaba vinapoingia, na hapo ndipo naomba niwaeleze kwa lugha yetu sisi tunaoshinda na vitabu.

Fikiria utenzi wa zamani ulionakiliwa kwa mkono, kwa hati ya Kiarabu, huko Lamu au Pate. Mnakili wa kwanza anakosea neno moja katika ubeti wa 12. Anayenakili kutoka kwake anabeba kosa lile, na anaongeza la kwake katika ubeti wa 40. Baada ya miaka mia mbili una nakala kumi zilizotawanyika, na ile ya asili imepotea. Ukizilinganisha, nakala zenye kosa la ubeti wa 12 zote zimetoka tumbo moja, na kati ya hizo zenye kosa la ubeti wa 40 ni ndugu wa karibu zaidi. Kwa kufuata makosa wanayochangia unachora mti wa ukoo, bila kumwona mnakili hata mmoja. Wataalamu wa hati za kale wamefanya hivyo kwa muda mrefu, na mwaka 1998 watafiti wa Uingereza walichukua programu za kompyuta zilizotengenezwa kwa ajili ya mageuko ya viumbe wakazitumia kuchora ukoo wa hati 58 za sehemu moja ya The Canterbury Tales ya Chaucer. Hesabu ni ile ile. Kinasaba ni maandishi yenye herufi nne, yananakiliwa kizazi hadi kizazi, na yana makosa ya unakili. Kiswahili kilipoamua kuviita vinasaba, kutokana na nasaba, kilijua kinachosema.

Sasa Naomi Pierce. Ni profesa wa biolojia Harvard, na tangu 1990 anasimamia vipepeo katika makumbusho yale yale, yaani amekaa kwenye kiti cha Nabokov. Mwaka 1999 ilipotimia miaka 100 tangu Nabokov azaliwe, Harvard ilifanya maonyesho, na katika kujiandaa Pierce akaisoma makala ya 1945 kwa makini. Akaona kwamba sasa kuna njia ya kuijaribu. Kama Nabokov amekosea, vipepeo wa bluu wa Andes wanapaswa kuwa na ndugu zao wa karibu katika nchi za jirani, mabonde ya joto ya Amerika ya Kusini. Kama yuko sahihi, ndugu zao wa karibu wako Asia, ng'ambo ya bahari, maelfu ya kilomita.

Yeye na wenzake, akiwemo Roger Vila wa Hispania, walisafiri Amerika ya Kusini kuwatafuta. Kazi yenyewe haina mapambo. Unamkamata kipepeo, mbawa unazihifadhi kwenye bahasha ili sura ibaki, mwili unautumbukiza kwenye kichupa cha pombe kali ili vinasaba visioze. Maabara, mguu mmoja mara nyingi unatosha. Unavitoa vinasaba, unachagua jeni kadhaa ambazo kila kipepeo anazo, nyingine kutoka mitokondria, nyingine kutoka kwenye kiini cha seli, unazisoma herufi kwa herufi, kisha unamwachia kompyuta alinganishe makosa. Kompyuta anajaribu miti mingi sana kabla hajakwambia upi unaelezea data vizuri zaidi. Na kwa kuwa makosa hujilimbikiza kwa kasi inayoweza kukadiriwa, mti unakupa pia makadirio ya miaka. Makadirio, si cheti cha kuzaliwa.

Matokeo yalitoka Januari 2011 katika jarida la Royal Society ya London. Ndugu wa karibu wa vipepeo wa bluu wa Andes hawako Amazon. Wako Asia. Na Amerika haikuingiwa mara moja, iliingiwa mara tano: wimbi la kwanza karibu miaka milioni 11 iliyopita, la mwisho karibu milioni moja iliyopita. Mawimbi matano, kama alivyoandika yule mhamiaji wa Kirusi mwaka ambao vita vilikwisha, miaka minane kabla umbo la DNA halijajulikana.

Kuna kipande cha utafiti huu ambacho magazeti mengi yalikipita haraka, nami ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Watafiti walijiuliza: hawa vipepeo waliwezaje kupita Bering, mahali penye baridi vile? Wakaangalia kila spishi ya leo inaishi kwenye hali ya joto kiasi gani, kisha wakatumia mti kukisia wahenga wao walistahimili joto gani. Wimbi la kwanza lilikuwa la vipepeo wapenda joto. Mawimbi yaliyofuata yakawa ya wanaostahimili baridi zaidi na zaidi. Na ndivyo Bering yenyewe ilivyokuwa: miaka milioni 11 iliyopita ilikuwa na joto la kutosha, halafu ikapoa taratibu. Kila wimbi lilipita wakati mlango ulipokuwa wazi kwa watu wa namna yake. Ndiyo maana Alaska hakuna nyayo za wale wa kwanza. Baridi ilizifuta, na waliosalia ni wale waliokuwa wamekwisha shuka kusini.

Vichwa vya habari vya 2011 vilisema Nabokov ametendewa haki. Sawa. Ila hadithi ile ilipofika mitandaoni ikageuka: msanii mwenye kipaji alibahatisha, sayansi ikamfuata nyuma ikihema. Hapo napinga. Hakubahatisha. Alitazama, alihesabu, alichora, alilipa kwa macho yake. Wazo la mashine ya wakati lilikuwa la mtunzi, lakini mafuta ya mashine ile yalikuwa mamia ya matumbo ya vipepeo yaliyolowekwa na kukaguliwa moja moja. Tukisema ni ndoto ya msanii tunamnyima kwa mara ya pili kile tulichomnyima mwanzo: kwamba alikuwa mfanyakazi.

Na vinasaba havikumwonea aibu pia. Kuna mahali alikosea kabisa, napo hapakuwa padogo. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, Speak, Memory, anasema kwamba uigaji wa vipepeo, yaani kipepeo asiye na sumu kujifananisha na mwenye sumu, ni wa ustadi mno kiasi kwamba uteuzi wa asili wa Darwin hauwezi kuuelezea. Anaona ndani yake sanaa kwa ajili ya sanaa. Ni kurasa nzuri sana. Nilizisoma mara nyingi, na kwa muda mrefu nilitaka ziwe kweli.

Sasa yupo kipepeo wetu, Papilio dardanus, anayeishi misituni na hata bustanini sehemu nyingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Dume ni wa manjano na ana mikia. Majike, karibu kila mahali barani, hawana mikia na hawafanani na dume wala wao kwa wao. Mmoja ni mweusi na mweupe kama Amauris mwenye sumu, mwingine ni wa rangi ya chungwa kama Danaus. Wazungu wa karne ya 19 waliwapa majina kama spishi tofauti mpaka Roland Trimen, aliyekuwa Cape Town, alipoonyesha mwaka 1869 kwamba wote ni mke na mume. Katika miaka ya 1950 na 1960 Cyril Clarke na Philip Sheppard wa Liverpool waliwazalisha vipepeo hawa na kuonyesha kwamba sura zote hizo zinarithiwa kama vile zimeshikwa na swichi moja. Karne hii swichi imepatikana: ni eneo dogo la kromosomu kwenye jeni iitwayo engrailed. Madagascar, majike wanafanana na madume tu, hawajigeuzi. Ukiwa na eneo la jeni unaloweza kulisoma, matoleo yake mbali mbali, na ndege wanaokula wale wasiofanana na wenye sumu, huhitaji msanii nyuma ya pazia. Nabokov alisoma hati vizuri kuliko wengi, ila hapa alimtafuta mtunzi mahali ambapo palikuwa na wanakili tu na wasomaji wenye njaa.

Nirudi kwenye bluu, maana kuna kesi moja ambayo bado inanisumbua. Katika miaka ile ile ya Harvard, Nabokov alieleza aina ya kipepeo wa bluu kutoka kijiji cha Karner karibu na Albany, jimbo la New York. Akampa jina samuelis, akamweka kama nususpishi ya kipepeo mwingine, melissa. Alimweleza kutokana na maiti zilizochomwa pini sandukuni. Viwavi wake hula mmea mmoja tu, lupini ya porini, inayoota kwenye mchanga wa misonobari ambao unahitaji moto wa mara kwa mara ili usizibwe na miti. Watu wakazima mioto, wakajenga barabara na maduka. Mwaka 1992 kipepeo wa Karner akaingizwa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini.

Ukishaanza kutumia fedha za umma kumlinda mdudu, watu watauliza: je, ni kiumbe wa kipekee kweli, au ni melissa tu mwenye jina la fahari? Watafiti wakasoma vinasaba vya mitokondria, na jibu la kwanza likatisha. Baadhi ya vipepeo wa Karner, wale wa magharibi mwa Ziwa Michigan, walikuwa na mitokondria ya melissa. Mtu angeweza kufunga jalada hapo.

Lakini mitokondria hurithiwa upande wa mama peke yake. Ni sawa na kuandika historia ya ukoo kwa kumfuata mama, bibi, mama wa bibi, na kuwasahau wengine wote. Bibi mmoja wa kuolewa kutoka mbali, zamani, anaweza kuufanya ukoo mzima uonekane wa kwao. Walipozisoma jeni za kwenye kiini, ambazo zinatoka kwa baba na mama, picha ikageuka: kulikuwa na kuchanganyika zamani, ila kwa jumla Karner amesimama peke yake. Mwaka 2011, mwaka ule ule wa utafiti wa Pierce, Matthew Forister na wenzake wakachapisha hoja kwamba anastahili kuitwa spishi kamili. Nabokov, kwa maana hiyo, alimpa cheo kidogo kuliko anachostahili.

Na katika milima ya Sierra Nevada kundi hilo hilo la watafiti lilikwisha onyesha, mwaka 2006, jambo linalovuruga mchoro wowote wa mti: kuna vipepeo wa bluu wa juu kabisa milimani ambao wametokana na ndoa ya spishi mbili, melissa na idas, wakawa ukoo wao wenyewe. Matawi mawili yaliyokwisha achana yakakutana tena. Kwa mnakili wa tenzi hilo si geni, wapo walioweka nakala mbili mbele yao na kuchagua ubeti huku na ubeti kule, na anayekuja kuchora ukoo wa hati anapata taabu. Kila nikisoma kwamba vinasaba vimemaliza ubishi fulani, siku hizi nauliza kwanza: jeni zipi, ngapi, na kutoka upande wa nani?

Nabokov alimwona kipepeo wa Karner akiwa hai kwa mara ya kwanza mwaka 1950, miaka kadhaa baada ya kumpa jina. Alikuwa anafundisha Cornell wakati huo, na njia ya kwenda na kurudi Boston ilipita karibu na Albany. Katika riwaya yake Pnin, iliyotoka 1957, kuna mahali wahusika wawili wanatembea, na kundi la vipepeo wadogo wa bluu linainuka kutoka kwenye mchanga wenye unyevu kisha linatua tena. Mmoja anasema ni bahati mbaya kwamba mtu fulani wanayemfahamu hayupo pale, yeye angewaeleza kila kitu kuhusu wadudu hao. Mwenzake anajibu kwamba siku zote amekuwa akihisi mambo ya wadudu ya huyo bwana ni maringo tu.

Nilikuwa nimekisoma kitabu kile kabla ya kuandika ile makala yangu. Nilicheka hapo, nikageuza ukurasa.